Safari ya Lushoto: Usiilaumu Kabureta Mapema

Je, umewahi kupanda milima ya Usambara? Pale Mombo uko chini, kwenye joto. Ukiiacha barabara kuu, njia ya Lushoto huanza kupanda mara moja. Ni kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Katikati ya njia utafika Soni, penye maporomoko ya maji. Toka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, lakini utakuwa umepanda karibu mita 1,000. Juu kuna baridi, na utaona kabichi, karoti na viazi milimani.

Mimi ni bwana shamba. Siku moja tulipanda mlima huo kwa Land Rover ya zamani ya petroli. Nyuma tulipakia boksi la barafu lenye chanjo ya kuku ya kuzuia kideri. Chanjo ile ikipata joto huharibika. Katika kijiji kimoja mbele ya Lushoto, akina mama walikuwa wamewafungia kuku tangu alfajiri. Walikuwa wakitungoja.

Kabla ya kufika Soni gari lilichoka. Dereva alikanyaga mafuta mpaka mwisho, lakini gari lilijikokota. Rejeta ikachemka.

"Bwana Shamba, hii ni kabureta," alisema dereva.

Nikakubali. Akaifungua, akasafisha jeti, akaifunga. Tukaenda kidogo, gari likachemka tena. Akaifungua mara ya pili. Saa tatu zikapotea, na barafu ikawa inayeyuka.

Tulifika Soni kwa kusimamasimama. Hapo tulimkuta fundi mmoja mzee. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba," akatazama gari. Hakuigusa kabureta. Aliuliza:

"Linatoa moshi mweusi?"

"Hapana, mzee."

"Platini mlizitazama lini?"

Mimi na dereva tukatazamana. Hatukuwa na jibu.

CHAKULA NA MOTO

Ndugu msomaji, injini ya petroli inahitaji chakula, na inahitaji moto kwa wakati wake. Chakula ni petroli iliyochanganywa na hewa. Kabureta ndiyo inayochanganya. Moto ni cheche ya plagi. Cheche hiyo hutokea wakati platini zinapoachana ndani ya distributa.

Platini ina kisigino kinachosuguliwa kila injini inapozunguka. Kisigino kikilika, nafasi ya platini hupungua. Platini huchelewa kuachana, na cheche nayo huchelewa. Ni kama mkulima anayepanda mvua ikiwa inakwisha. Mbegu ni nzuri, lakini mavuno hakuna. Gari hukosa nguvu, na injini hupata joto kupita kiasi.

Mzee alifungua kifuniko cha distributa. Aliizungusha injini polepole kwa hendeli mpaka platini zikaachana kabisa. Katika Land Rover kama ile, nafasi hiyo inatakiwa iwe milimita 0.35 hadi 0.40. Yetu ilikuwa karibu imefunga. Alizisafisha platini kwa msasa laini, akazifuta, akapima nafasi kwa geji, akakaza skrubu. Kisha alihakikisha kwamba distributa yenyewe haijalegea. Haikuchukua hata nusu saa.

Tulipanda hadi Lushoto bila kuchemsha.

JIFUNZE DALILI

Kama kijiji chenu kina gari la petroli la aina hii, kumbuka dalili hizi:

1. Moshi mweusi, harufu ya petroli na plagi zenye masizi: petroli ni nyingi. Tazama kabureta na kichujio cha hewa.

2. Gari huenda, huzima, likipumzika huwaka tena: huenda petroli haifiki vizuri. Tazama bomba, pampu na kichujio kabla ya kufungua kabureta.

3. Gari halina nguvu na huchemka mlimani: huenda cheche inachelewa. Lakini kwanza hakikisha rejeta ina maji.

4. Injini inagonga mlimani kama kokoto ndani ya debe, au hendeli inarudi nyuma kwa nguvu: huenda cheche inawahi mno.

Anza na platini na plagi. Kabureta iwe ya mwisho. Usichokoe jeti kwa waya, maana utapanua tundu lake. Ipulize kwa pampu ya baiskeli. Ukitaka kulegeza distributa, itie alama kwanza. Ukitoa waya za plagi, zitie alama pia. Injini ile ya silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Na usivute sigara karibu na petroli.

Tulifika kijijini saa tisa alasiri. Vilibaki vipande viwili vya barafu, na chanjo ilikuwa salama. Akina mama waliokuwa bado wanatungoja, kuku wao walichanjwa. Wengine walikuwa wamechoka. Walifungulia kuku wao na kwenda shambani. Tuliwakosa.

Ndugu msomaji, siwezi kumlaumu dereva peke yake. Mimi ndiye niliyekubali kabla ya kuuliza. Sasa kila kabla ya safari tunafungua kifuniko cha distributa na kutazama platini. Nanyi fanyeni hivyo gari likiwa bado nyumbani.