Kliniki ya Sukari, Tanga

Upepo wa bahari unafika hadi kibarazani, lakini ukivuka mlango unapokelewa na harufu ya spiriti na ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Hii ni kliniki ya wajawazito wenye kisukari, mjini Tanga. Nje, chini ya mwarobaini, baiskeli zimeegeshwa kwa msururu. Ndani, mabenchi marefu ya mbao yameng'aa kwa kukaliwa, na akina mama kijacho wamebanana bega kwa bega, khanga juu ya matumbo, kila mmoja na kadi yake na daftari dogo la shule.

Ni saa mbili asubuhi na hakuna aliyetia kitu mdomoni tangu jana usiku. Wanaopimwa mara ya kwanza hupewa kikombe cha maji yaliyokorogwa gramu 75 za glukosi, matamu hadi yanakera koo. Binti mmoja ameziba pua kwa ncha ya mtandio, anapiga funda baada ya funda, macho kayafumba. Akitapika, kipimo kimeharibika; itabidi arudi siku nyingine kwa nauli nyingine. Damu huchukuliwa kabla ya kunywa, kisha baada ya saa moja, kisha baada ya mbili. Hiyo ya kwanza ikisoma 5.1 tu, yatosha kuitwa kisukari cha mimba. Kwa asiye mjamzito, 5.1 ni sukari ya kawaida kabisa. Ndiyo maana wengine hutoka humu na jina la ugonjwa huku hawajisikii kuumwa popote.

Chumba cha pili ni cha wanaodunga insulini. Hapa mama mmoja aliniruhusu nifungue daftari lake. Mistari kaipiga kwa rula: asubuhi, baada ya chai, baada ya chakula cha mchana, usiku. 5.0. 6.4. 9.2. Pembeni ya 9.2 kaandika kwa herufi ndogo: "nusu chapati". Chini yake, siku iliyofuata: "sikula". Hakuna aliyemwagiza kuandika maneno hayo. Nilipomuuliza, alisema anayaandika ili asije akaulizwa akakosa jibu. Daftari la sukari lilishageuka kuwa kesi, na mshitakiwa ndiye shahidi.

Dozi yake imepanda tena. Ndivyo inavyokuwa: kadiri mimba inavyokua, homoni za kondo huizuia insulini kufanya kazi, na sindano huongezwa hata kwa mama asiyekosea kitu. Nesi alimweleza hayo polepole, akarudia. Mama akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Lakini sista, mimi nilijitahidi."

Chupa ya insulini ni ndogo, inapotea ndani ya ngumi. Nyumbani kwake hakuna friji, kwa hiyo anaihifadhi kwenye chungu kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji kutwa. Kabla ya kudunga huibingirisha viganjani mpaka iwe nyeupe kote. Na usiku, anasema, huamka akitetemeka, jasho linamtiririka, moyo unakwenda mbio. Sukari ikishuka hufanya hivyo. Hofu nayo hufanya hivyo hivyo. Bila kipimo mkononi, gizani, utajuaje ni ipi? Siku hizi analala ameegemea ukuta.

Katika nchi zinazoendelea, karibu mama 1 kati ya 5 hupata maradhi ya akili baada ya kujifungua, sonona ikiongoza, na wenye kisukari wako hatarini zaidi. Iko fomu ya kuwatambua, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, iliyotolewa Scotland mwaka 1987 na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Hapa hujaziwa stoo, katikati ya maboksi ya glavu, maana hakuna chumba kingine chenye mlango. Inaniuma kuona damu ina meza yake na taa yake, moyo umepewa stoo.

Wodi ya wazazi iko ghorofani. Watoto wa mama wenye kisukari hutobolewa kisigino mapema, kwa kuwa sukari yao yaweza kushuka ghafla, na mama hukisikia kilio kile akiwa bado hajaweza kuinuka. Siku hiyo bibi mmoja alikuwa amekuja na chupa ya uji wa pilipili manga, na harufu ya samli ikajaa wodini.

"Kunywa, mwanangu, maziwa yashuke."

"Mama, uji una sukari."

"Kidogo tu. Mzazi gani hanywi uji?"

Mkwe wake aliutazama ule uji, asiseme neno zaidi; machozi yakamlengalenga. Kuukataa ni kumdharau mama mkwe, kuunywa ni kuandika namba nyingine daftarini. Nesi akasogea. "Shikamoo, bibi. Kesho tupikie huu huu, pilipili manga ijae, sukari tu uiache." Bibi akafikiri kidogo. "Marahaba. Basi samli nitapunguza pia."

Wiki ya 6 mtoto hurudishwa kwa chanjo. Kati ya wiki hiyo na ya 12, aliyepata kisukari cha mimba anatakiwa apimwe tena, kwani wapo ambao hakiwaachi. Chumba cha chanjo kiko ng'ambo ya ua tu, na foleni yake imetokeza nje. Benchi la huku lina watu wawili. Nesi mkuu huchukua orodha yake akavuka ua mwenyewe, akiita jina moja moja.

"Mtoto tumeshamuona, mwanangu. Wewe unalala?"

"Silali, sista. Hata yeye akilala, mimi silali."

Nesi akampokea kichanga. Mama akamwachia jirani kadi ya chanjo amshikie nafasi, na wote wakavuka ua kuja upande huu.