Raba Mbili Chini ya Injini: Barua Kutoka Kichochoro cha Saint Paul

Nyumba nyingi za Saint Paul zina nyuso mbili. Mbele kuna ngazi, bustani ndogo na mlango wa wageni. Nyuma kuna kichochoro, na kichochoroni ndiko kwenye mapipa ya taka, baiskeli za watoto na magaraji yaliyojitenga na nyumba. Mtu akikukaribisha kwa heshima atakupitisha mbele. Akitaka kukuonyesha anachokipenda, atakupeleka nyuma. Sisi huko nyuma tuna gari.

Lilikuja mwezi wa Oktoba juu ya trela: fremu ya mabomba ya mraba, magurudumu manne, viti viwili na maboksi kumi na moja ya vipuri. Aliyelianza alikuwa amelichoka. Ni gari la kujiundia nyumbani, la umbo la Lotus Seven, kile kigari cha wazi ambacho Colin Chapman alikitoa Uingereza mwaka 1957. Wakati ule Waingereza wengi walikinunua kikiwa vipande na kukifunga wenyewe, kwa sababu gari lililouzwa hivyo halikutozwa kodi iliyowekwa juu ya gari zima. Baba watoto hakuwa anakwepa kodi. Alikuwa anatafuta kazi ya mikono yake.

Niseme ukweli, nilikasirika. Mimi ni nesi wa zamu za usiku, na pesa ile tulikuwa tumeipangia ada ya mdogo wake. Lakini nilijua pia jambo jingine. Diploma yangu ilipata njia hapa. Nilisoma tena nikapata digrii. Yeye aliyekuwa fundi magari Dar es Salaam kwa miaka tisa aliishia ghalani, anapanga mizigo na kurudi na mgongo unaouma. Kwa miaka mitatu sikuwahi kumsikia akipiga mluzi. Jioni trela ilipoondoka, nilimsikia kichochoroni anapiga mluzi kwenye baridi. Nikanyamaza. Ada tuliituma mwezi uliofuata, baada ya zamu zangu mbili za ziada.

Injini aliipata kwenye pikapu ya Ford Ranger ya mwaka 2003 iliyokwisha kwa kutu: silinda nne, lita 2.3. Jirani yetu, mzee aliyestaafu kiwandani, alikuja na tochi akasoma namba ya gari kwenye dashibodi. Herufi ya kumi na moja ilikuwa P. Akacheka. P maana yake gari hilo lilifungwa hapa hapa, kwenye kiwanda cha Ford cha mtaa wa Highland Park, ukingoni mwa mto Mississippi.

Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1925. Umeme wake ulitoka kwenye bwawa la mto, na mchanga wa kutengenezea vioo vya magari ulichimbwa kwenye mahandaki chini ya kiwanda chenyewe. Ranger ya mwisho ilitoka Desemba 2011, geti likafungwa. Leo pale pana nyumba mpya, maduka na mfereji wa maji wenye njia za kutembea, na mahali panaitwa Highland Bridge. Ukipita na watoto huwezi kujua kwamba hapo watu walifunga magari kwa zaidi ya miaka themanini. Mzee anajua. Tangu siku ile akawa anakuja kila Jumamosi na chupa yake ya kahawa, na watoto wakamwita babu.

Ubishi ulianza kwenye maunti za injini. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuinama chini ya boneti: maunti ni vile vipande vya chuma na raba vinavyoishika injini kwenye fremu. Gari letu lina tatu, kulia na kushoto kwa injini na moja chini ya giaboksi. Ukizitazama utaona ni vitu vidogo, lakini kazi zake ni mbili na zinapingana. Lazima ziishike injini isigeuke pale dereva anapokanyaga mafuta, na wakati huo huo ziiachie itetemeke bila kuwatetemesha watu.

Na mtetemo si mdogo. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili kila inapozunguka. Ikizunguka taratibu mara 750 kwa dakika, hayo ni mapigo 1,500 kwa dakika. Mimi ambaye kazi yangu ni kuhesabu mapigo ya mioyo nilishtuka niliposikia.

Machaguo yalikuwa matatu. La kwanza ni chuma kwa chuma. Ni rahisi kuchomelea na injini haisogei hata kidogo, ndiyo maana magari ya mashindano huyatumia. Ila mtetemo wote unaingia kwenye fremu, na baada ya muda viungo vilivyochomelewa huanza kupasuka. La pili ni poliurethani, plastiki ngumu inayofanana na raba. Haichakai upesi kwa mafuta, lakini inapitisha mtetemo zaidi ya raba, na baridi huikaza zaidi. La tatu ni raba ya kawaida: laini, tulivu, ila huliwa na joto la ekzosi na mafuta yanayovuja.

Baba watoto alitaka chuma. Fundi aliyemlea kazini Gerezani alimfundisha kwamba kitu kinachocheza kitavunjika. Mzee alitaka raba, tena ile ambayo vyuma vyake viwili vimepishana, ili raba ikikatika injini isiruke. Akatukumbusha mwaka 1971, pale General Motors ilipoita magari milioni 6.7 ya Chevrolet yarudi kwa mafundi. Maunti zilikuwa zikikatika, injini inainuka upande mmoja na kuvuta mtambo wa mafuta, gari linaongeza mwendo lenyewe. Tiba ilikuwa kufunga waya wa chuma wa kuizuia injini isiinuke.

Baba watoto alisikiliza kwa adabu, kisha Januari akachomelea chuma.

Machi tuliwasha. Mlango wa garaji ulikuwa wazi, theluji bado imelundikana kichochoroni. Injini iliitika mara moja, na spana zikaanza kutembea mezani zenyewe mpaka moja ikaanguka. Binti yetu alikaa kwenye kiti cha abiria, akasema kwa sauti inayokatika-katika, “Baba, m-m-meno yangu!” Tukacheka wote. Lakini aliposhuka baba yake baada ya dakika kumi, nilimwona ameshika kiuno, anajinyoosha pole pole kwa kutumia mlango. Hapo sikucheka. Nimewahudumia madereva wa malori wa kutosha kujua mtetemo wa miaka unavyoufanyia mgongo.

Usiku ule, kabla sijaenda zamu, nilimwambia, “Baba, gari hili ni la mashindano au ni la kutupeleka ziwani Como?” Hakujibu. Asubuhi niliporudi nilikuta vipande vya chuma vimekatwa, vimepangwa sakafuni.

Raba mbili za mbele zilitugharimu dola 60. Ya giaboksi nayo akaibadilisha, kwa sababu sehemu moja ikilegea na nyingine ikikazwa, ganda la giaboksi ndilo linaloumia. Akaweka bati la kukinga joto la ekzosi. Akawasha, na injini haikuzunguka. Ila waya wa kuvutia mafuta ulianza kutoa moshi. Mzee ndiye aliyegundua. Raba haipitishi umeme. Maunti za chuma zilikuwa zinaurudisha umeme kwenye betri kimya kimya. Tulipoziondoa, ukatafuta njia nyingine, ukaupata ule waya mwembamba. Kama unafanya kazi hii nyumbani, usisahau: funga waya mnene wa athi kutoka kwenye injini hadi kwenye fremu, kabla ya kugusa swichi.

Juni tulikwenda viwanja vya maonyesho vya Minnesota, kwenye mkutano wa magari ya kale uitwao Back to the 50's. Hukusanyika zaidi ya magari 10,000, yote ya mwaka 1964 kurudi nyuma, kwa hiyo letu halikuruhusiwa. Tulikwenda kama watazamaji. Wengine walitazama rangi. Sisi wanne, mzee akiwemo, tuliinama chini ya maboneti kutazama maunti. Wenye magari walifurahi kuulizwa. Baba watoto alieleza alichofanya, kwa Kiingereza chake cha ghalani, na watu wenye mvi waliacha kuzungumza wakamsikiliza. Sijawahi kuona akisikilizwa hivyo tangu tuhamie.

Agosti, makaratasi yalipokamilika, safari ya kwanza alimpa mzee. Walishuka barabara inayofuata mto mpaka Highland, mahali kilipokuwa kiwanda. Mimi na watoto tulifuata nyuma na gari letu la kila siku. Kwenye taa nyekundu nilimwona mzee ameweka kikombe chake cha kahawa juu ya dashibodi, bila kukishika.