Mrema na Vyama Vyake

Hayati Augustine Lyatonga Mrema aliiacha CCM mwaka 1995, akagombea urais kwa NCCR-Mageuzi, akapata karibu asilimia 28 ya kura. Mwaka 1999 akahamia TLP. Wengi walimwita kigeugeu, mimi nasita. Katiba yetu humvua ubunge anayeacha chama chake, wala haimtambui mgombea binafsi. Mwanasiasa aliyekosana na wenzake afanyeje, kama si kubisha hodi kwingine?

Sisi tuliofundisha somo la Siasa enzi za chama kimoja tulisema chama kwanza, mtu baadaye. Vunjo walimrudisha Bungeni mwaka 2010 kwa tiketi ya TLP. Nadhani wachache waliisoma ilani. Walimchagua Lyatonga. Mwaka 2015 wakamwacha, wakamchukua James Mbatia wa NCCR-Mageuzi, chama kile kile alichokihama.