Makala juu ya makala

Mwaka jana mwalimu wetu alitupa kazi ya kuandika makala juu ya mazingira ya Butembo. Nilipofika nyumbani nilimwambia mama kwamba nimeombwa makala. Akatupa jicho kwenye mifuko yake iliyopangwa nyuma ya nyumba. "Mifuko ngapi?" akauliza.

Hapa kwetu makala ni kile ambacho vitabu vyetu vya darasani vinakiita mkaa. Mama anauza makala tangu nikiwa shule ya msingi. Tulicheka sana, kisha nikaingia ndani kuandika.

Niliandika kwa kujiamini. Nilisema Hifadhi ya Virunga ilianzishwa 1925, na kwamba miti yake inaishia kwenye mifuko. Nilisema maji yanayoteremka milimani yanaweza kutupa umeme, kama Mutwanga tangu 2013 na Matebe, huko Rutshuru, tangu 2015. Nikaongeza kwamba barafu ya Rwenzori, iliyokuwa na kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906, ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja karne moja baadaye. Halafu nikaandika: "Wauza makala ndio adui wa msitu."

Jioni mama alikuwa anapepea mbabula, akaniomba nimsomee. Nilipofika kwenye sentensi ile nilitaka kuiruka, lakini nikaisoma. Akanyamaza, akageuza maharagi.

"Kwa hiyo adui ni mimi?" akasema. "Na minervali yako ilitoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Ndipo akaanza kunisahihisha kuliko mwalimu yeyote. Makala mengi ya Butembo, alisema, yanatoka kwenye mikaratusi ambayo watu wamepanda wenyewe kwenye vilima vyao. Hayo ni mepesi na yanaisha haraka. Ya pori ni mazito, yanadumu motoni, na wateja wanayapenda. Umeme umefika mtaani kwetu, ndiyo, lakini watu wanawasha taa na kuchaji simu. Maharagi yanataka saa tatu motoni, na nani atalipa umeme wa saa tatu? Na mvua kubwa ikiharibu barabara, bei ya mfuko inapanda siku ileile.

"Na hii nishati endelevu iko nini?" akauliza.

Nikamweleza: ni moto ambao ukiutumia leo, watoto wako nao wataukuta, hauli mti bila kupanda mwingine, hauishi maji yakiendelea kutiririka.

"Basi andika hivyo. Lile neno lako hakuna mteja wangu atalielewa."

Niliifuta sentensi ya adui. Mahali pake niliandika bei ya mfuko, saa tatu za maharagi na vilima vya mikaratusi. Mambo ya hifadhi sikuyafuta, kwa sababu ni ya kweli, na mama hakuniomba niyafute.

Usiku, tukiwa tunakula, nilimuuliza swali moja tu: mifuko ya wiki hii ni ya mikaratusi au ya pori?

Alinijazia sahani kwanza.

"Ya wiki hii ni mazito," akasema.

Nikala. Hilo sikuliandika katika kazi niliyompa mwalimu. Ninaliandika hapa kwa ruhusa yake.