Mwanao Anasoma Kompyuta: Anasoma Nini Hasa?

Kila ninapohudhuria walima au khitma, na jamaa wakakumbuka kuwa mimi ni mwalimu wa kompyuta chuo kikuu, muda hauwi mrefu kabla ya kuletewa simu iliyovunjika kioo. Huwaelekeza kwa fundi, kwa kuwa fundi anaijua kazi hiyo kunishinda. Hapo hufuata swali ambalo wazazi wengi wanalo moyoni: kama si kutengeneza simu, basi huko chuoni mnawafundisha watoto wetu nini?

Ninafundisha mifumo ya kompyuta, na hasa mfumo endeshi. Hii ni programu iliyo chini ya programu nyingine zote. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za kazi na inayopokea data ili ihifadhiwe. Mtumiaji haioni. Mfano wake ni msingi wa nyumba: mgeni husifu mapazia, na hakuna anayeutaja msingi mpaka siku ukuta unapopasuka.

Katika fani hii, kufundisha na kutafiti havitengani. Mfumo uitwao Unix ulikuwa ukisomeshwa katika vyuo vingi, mpaka wenye mali walipozuia msimbo wake usifundishwe darasani. Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, Uholanzi, akaamua kuandika mfumo wake mdogo, MINIX, akautoa mwaka 1987 ili wanafunzi wapate kitu cha kusoma. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, Linus Torvalds, aliutumia MINIX, kisha mwaka 1991 akaanza kuandika kiini cha mfumo wake mwenyewe, Linux. Leo kiini hicho ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android. Yaani simu iliyoko mfukoni mwako, ndugu msomaji, ina nasaba na mwalimu aliyetaka wanafunzi wake wasome msimbo kwa macho yao.

Huku kwetu lipo swali lisilohitaji safari ya Ulaya kulikuta: umeme ukikatika ghafla, kilichokuwa kikiandikwa kinakwenda wapi? Chukua muamala wa shilingi 50,000 kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Mashine hupunguza huku, kisha huongeza kule. Ikizimika katikati, fedha imetoka kwa mmoja na haijamfikia mwenzake. Ni dhuluma isiyo na mdhulumu.

Dawa yake wataalamu waliipata miaka mingi iliyopita. Kabla mashine haijagusa hesabu yoyote, huandika kwanza katika daftari maalumu: ninakusudia kupunguza hapa na kuongeza pale. Daftari likishahifadhiwa ndipo kazi huanza. Umeme ukirudi, mashine husoma daftari lake. Kusudio lililoandikwa likakamilika hutekelezwa, na lililoandikwa nusu hufutwa kana kwamba halikuwapo. Jim Gray, Mmarekani aliyeijenga sana elimu hii ya miamala, alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998.

Sisemi kuwa Qur'ani ni kitabu cha kompyuta. Lakini Muislamu hawezi kuifundisha mada hii bila kukumbuka kuwa aya ndefu kuliko zote, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Haki ya mtu haiachwi juu ya kumbukumbu inayoweza kupotea.

Miaka michache iliyopita nilimsimamia binti mmoja katika shahada ya uzamili. Alitoka Tanga, ambako baba yake ana duka la rejareja. Utafiti wake ulitokana na zahanati iliyokuwa ikipoteza kumbukumbu za wagonjwa kila umeme ulipokatika, ingawa programu yake ilikuwa na daftari la aina niliyoieleza. Binti aliunganisha swichi inayoendeshwa na programu, akawa anaikatia mashine umeme makusudi, usiku kucha, tena na tena, huku akilinganisha kilichodaiwa kuhifadhiwa na kilichokutwa. Akagundua kuwa programu haikuwa na kosa. Baadhi ya kadi za kumbukumbu za bei nafuu zilikuwa zikijibu "nimeshaandika" ilhali data bado iko katika kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukiondoka. Kifaa kilikuwa kinasema uongo ili kionekane chepesi.

Katikati ya kazi hiyo, baba yake alifunga safari akaja ofisini kwangu.

"Mwalimu," akaniambia baada ya salamu, "huyu nimemsomesha kwa mauzo ya unga na sukari. Ana wadogo zake watatu. Ameitwa kazini, anakataa, anakaa hapa kuzima na kuwasha mashine. Niambie mwenyewe, hii nayo ni elimu?"

Nikamuuliza: "Mzee wangu, mteja akichukua mchele kwa mkopo, unaandika kabla hajaondoka au baada?"

"Kabla. Akishavuka kizingiti nani atakumbuka?"

"Na kijana wako wa dukani akikwambia ameshaandika, kumbe bado anashikilia kichwani?"

"Huyo atanifilisi."

"Basi binti yako anawasaka vijana wa namna hiyo ndani ya mashine. Na deni lenyewe si la mchele. Ni dawa aliyopewa mtoto, na kipimo alichopewa mama mjamzito."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza: "Na wakati anawasaka, ada ya wadogo zake italipwa na nani?"

Swali hilo halijibiwi kwa mfano wa duka, nami sikujaribu. Tulikaa watatu tukalizungumza kama jambo la familia. Binti akachukua kazi ya kusimamia mazoezi ya maabara mchana, akawa anatuma nyumbani sehemu kubwa ya kipato chake, na utafiti ukabaki wa usiku. Tasnifu ilichelewa kwa karibu mwaka mzima. Lakini ilikamilika, pamoja na programu ndogo ya kupimia kadi kabla ya kukabidhiwa kumbukumbu za watu. Zahanati ile ilibadilisha kadi zake.

Wazazi wenzangu, ninayaandika haya kwa sababu mzee yule hakuwa na kosa. Alikuwa na haki ya kuuliza, na wengi wetu hatuulizi. Tunafurahia jina la kozi, tunalipa ada, kisha tunangoja kazi. Mtoto anayetaka kubaki chuoni kwa utafiti tunamwona mvivu, na akiwa binti tunamwona anachelewa. Matokeo yake, mashine zinazobeba fedha zetu, matibabu yetu na mitihani ya watoto wetu tunazipokea kutoka kwa wengine, tukiamini kila zinapotuambia kuwa zimeandika.

Si kila kijana anafaa kwa utafiti, na si kila familia ina uwezo wa kungoja. Pasipo uwezo, tafuteni njia ya katikati kama ile, kwa mashauriano, si kwa amri. Na mwanao atakaporudi likizo, usimwulize tu atamaliza lini. Mwulize: mashine unayoisoma ikizimika sasa hivi, nini kitabaki, na umejuaje? Mpe nafasi akueleze kwa Kiswahili chako, mpaka uelewe. Akishindwa, mrudishe kwa walimu wake akaulize. Hiyo nayo ni sehemu ya malezi, na sisi walimu tutafurahi kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.