Simulizi za nesi, sehemu ya 9: Babu na chupa ya mofini

Wiki hii ilikuwa zamu ya kunyonyesha, lakini nimetoka kumzika babu mmoja huku Rombo na moyo unakataa niandike kingine. Familia imeniruhusu, jina nimeliacha.

Kama umewahi kusali parokia yoyote ya Kikatoliki huku mlimani, mzee wa aina yake unamjua. Yule anayefika misa ya kwanza kabla hata mlango haujafunguliwa, kofia mkononi, benchi lake lilelile. Ukimkalia hasemi kitu, anasimama pembeni tu mpaka mwenyewe unasogea. Siku jumuiya inasali kwake, uwanja umeshafagiwa gizani. Rozari ya mwezi wa tano na wa kumi hakosi jioni hata moja. Utotoni alitumikia misa ya Kilatini, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) haujafungua njia ya misa kwa lugha zetu, na uzeeni yale majibu ya Kilatini bado alikuwa nayo yote kichwani. Mimi Mlutheri. Alikuwa akinitania kwamba nitasamehewa kwa sababu sindano zangu haziumi.

Lakini akina mama walimpendea kitu kingine. Mtoto akilia katikati ya mahubiri, si unajua shingo zinavyogeuka? Yeye alikuwa ananyoosha mikono: "Nilete huyo, mama. Wewe sali." Anatoka naye, anazunguka naye chini ya ile migrevilea, anamwimbia Kichaga kwa sauti ya chini. Kuna mama aliniambia misa aliyoisikia mwanzo hadi mwisho tangu ajifungue ni ile babu aliyombebea mtoto.

Ugonjwa ulianza kimyakimya, usiku anaamka kukojoa mara nne, mara tano, mkojo unakatikakatika. Hakumwambia mtu. Alipokubali kwenda hospitali ni mgongo uliomshinda, na saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Jamani, mzee hawezi kumwambia mkwe wake mambo ya mkojo. Kwa hiyo baba kijana unayesoma hapa, muulize mzee wako wewe mwenyewe, mkiwa wawili tu.

Akarudishwa nyumbani na mofini ya maji. Akaikataa.

"Mwanangu," akaniambia, "Bwana Yesu msalabani alipewa divai yenye manemane asinywe. Mimi ni nani ninywe?"

Sasa fikiria nyumba yenyewe. Mke wa mwanawe mdogo ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Babu anaugulia chumba cha pili usiku kucha, mtoto anaamka, mama haonji usingizi, maziwa yakaanza kupungua. Mume yuko Arusha kikazi. Yule dada alinishika mkono mlangoni akasema, "Sista, mimi nitakufa kabla yake."

Kubishana Maandiko na mzee aliyeyashika miaka themanini sikuweza, na sikuona kama ni kazi yangu. Nikampigia Baba Paroko. Alikuja na Komunyo, akampa Mpako wa Wagonjwa, halafu akavuta kigoda akakaa. Akamweleza taratibu kwamba kutoa mateso yako kwa Mungu ni jambo jema, ila Kanisa halimlazimishi mtu, wala halikatazi dawa ya maumivu: Papa Pius XII alilisema mwaka 1957, na Katekisimu inalo kwenye namba 2279. Babu akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali moja: "Nikinywa, nitaweza kusali?"

Paroko akaniangalia mimi. Nikamjibu ukweli. Siku mbili tatu za mwanzo utasinzia, baadaye akili inatulia, na kipimo kikiwa kikubwa daktari anapunguza. "Basi nipe," akasema. "Nikishindwa kumaliza rozari, naacha."

Siku ya tatu alimaliza mafumbo yote matano, akaomba uji.

Kwa hiyo sikilizeni, maana wengi wenu mnalea watoto na kuuguza wazazi kwa mkono uleule. Mofini ya maji inanywewa kwa saa, kila baada ya saa nne kama mlivyoandikiwa, hamsubiri mpaka mtu alie. Inafunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimharakishii mtu kifo. Na chupa ifungiwe! Inafanana kabisa na ya kikohozi, na kijiko kimoja kinaweza kumzimisha pumzi mtoto mdogo. Sitanii.

Aliishi wiki sita nyingine. Usiku watu walilala. Mchana wakawa wanamwekea mjukuu kifuani, anamwimbia zilezile za chini ya migrevilea.

Alifariki Jumanne mchana, mkwe akiwa ametoka kukata majani ya ng'ombe. Dada wa watu analia mpaka leo eti alimwacha peke yake. Nimemwambia ninavyokuambia wewe: wagonjwa wengi huondoka dakika ileile uliyotoka nje. Miaka yangu yote wodini nimeliona hilo.

Mjukuu mkubwa, miaka mitano, akauliza kama babu amelala. Shangazi mmoja akadakia, ndiyo, amelala. Hapana, wapendwa. Mtoto akiambiwa hivyo anaweza kuanza kuogopa kitanda chake. Mama yake akamweka mapajani: "Babu amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, haumwi tena. Tunaamini yuko kwa Mungu." Mtoto akauliza kama huko kwa Mungu kuna benchi lake. Alienda kaburini amemshika baba yake mkono, wakamzika kihambani, kwenye migomba, pembeni ya bibi.

Chupa ilibaki na kama robo. Dawa hiyo haikai nyumbani wala haigawiwi jirani, nimeirudisha mwenyewe hospitali dirisha la dawa. Wiki ijayo tunarudi kwenye kunyonyesha, na swali la wale mnaorudi kazini mapema nimeliona.