Kadi za mwilini

Ukivuka Mpondwe kuja Bwera, wanakuomba kadi. Mwili nao una ukaguzi wake. Karibu kila seli inaweka nje protini zinazoitwa HLA, kila moja imeshika kipande kidogo cha protini ya ndani, kama kukionyesha. Seli nyeupe za damu zinapita zikikagua. Zikiona kipande cha kirusi, seli ile inauawa. Zikiona HLA ya mgeni, vita vilevile. Ndiyo maana figo ya mtu mwingine hukataliwa.

Yaya wangu figo zake zimechoka. Jirani Mukonzo hapa Kasese akasema, "Sisi na nyinyi Wanande damu ni moja." Lugha ndiyo, karibu moja. Lakini kabila moja halileti HLA moja. Jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6, fungu moja la baba, moja la mama. Kumbe hata ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ya kulingana kabisa ni 1 kati ya 4 tu. Nusu ndiyo kawaida, na kwa dawa za kutuliza kinga mara nyingi nusu inatosha.

Mulago, Kampala, walipandikiza figo ya kwanza Desemba 2023. Mimi nimepimwa: nusu. Kaka yetu wa Butembo bado.